Karibuni na Kwetu

Wifi yangu Rukaiya alirudi kutoka Misri siku ya Alhamisi, mchana, nikiwa uani nachagua mchele. Haikuwa siku ya ajabu. Maji yalikuwa yametoka alfajiri na ndoo zote zimejaa, kwa hiyo mgongo ulikuwa unaniuma lakini moyo umetulia. Mwanangu Nusaiba, wa darasa la pili, alikuwa amerudi shule na kuyaacha makubazi yake katikati ya mlango kama kawaida yake, moja huku, moja kule, lile la kulia limekatika mkanda. Mama mkwe alikuwa barazani kwenye mkeka, mahali anaposhinda tangu macho yake yaingie ukungu. Tunakaa Mbagala, Charambe ya ndani, ambako lami imeishia mbali na mchanga unaingia mpaka kwenye sufuria.

Rukaiya ni dada wa mume wangu Khalfani, ambaye siku nyingi yuko safarini na lori. Anakaa chumba cha uani. Ndoa yake ilivunjika zamani na hakujaliwa mtoto, ndiyo maana Nusaiba anamdekea kuliko anavyonidekea mimi. Anafanya kazi kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, Kurasini. Mwaka huo tajiri wao alifurahi, akawapeleka wafanyakazi wachache kutembea Misri, kuona mapiramidi, mahekalu na makaburi ya kale. Mtaa mzima ulijua. Mama mkwe peke yake ndiye hakuvutiwa. Alisema mtu anayepanda ndege kwenda kuangalia makaburi ni mtu ambaye hajazika vya kutosha.

Rukaiya alituletea tende, sabuni, na picha iliyochorwa kwenye karatasi ya mafunjo. Mimi nilipata mtandio. Nikamuuliza wifi, yaani nchi nzima ile umeshindwa kunichagulia mwanamume nimwache huyu kaka yako? Akanijibu kwamba aliwaona wengi, tena wa kifalme, tatizo wote wamekaushwa. Tulicheka mpaka mama mkwe akatukemea.

Kabla ya magharibi tulikaa barazani, akatuonyesha picha na video kwenye simu. Alisimulia vizuri, Rukaiya ana mdomo wa kusimulia. Hekalu lenye nguzo nene kama matangi ya maji. Joto linalokausha mate kabla hujameza. Wauza vinyago wanaokujaribu kwa lugha moja baada ya nyingine mpaka wapate ile utakayogeukia. Makaburi ya wafalme yalimchosha, watu wamejaa, kila mtu kainua simu. Lililompendeza lilikuwa kaburi dogo, kwenye magofu ya kijiji cha mafundi. Kiongozi wao aliwaeleza kwamba mwenye kaburi lile hakuwa mfalme. Alikuwa fundi, kazi yake kuwachimbia wafalme makaburi na kuyachora. Siku za mapumziko ndipo alipojichimbia la kwake.

Video ya kaburi hilo ilianza na ngazi. Unamsikia Rukaiya anahema, anashuka, anaguna kwamba mtu mnene hapiti. Mlango ulikuwa mfupi na ilibidi ainame. Akiwa ameinama hivyo akasema, kama anavyosema mtu yeyote aliyelelewa kwetu akifika kwenye mlango wa mtu: "Hodi."

Na kwenye simu tukasikia: "Karibu."

Mama mkwe alifurahi. Alisema hayo ndiyo malezi, hata kaburini binti yake hapiti bila hodi. Rukaiya akasema hata hakukusudia, ulimi ulijisemea wenyewe.

Ndani kulikuwa na rangi ya njano kila mahali, mbichi kana kwamba fundi ametoka kuosha brashi. Ukutani yupo mwenyewe na mkewe, wanalima, wanavuna ngano ndefu kuwazidi. Wote wamevaa nguo nyeupe na makubazi meupe. Nyuma yao wamepangwa watoto wa kiume. Mwishoni kabisa kuna mtoto wa kike ambaye alichorwa mistari tu, hakutiwa rangi, na miguu yake mitupu. Kiongozi aliwaambia kwamba huenda kifo kilimkuta fundi kabla hajamaliza.

Kisha unamsikia Rukaiya anaaga. Anasema kwa utani, lakini anasema: "Haya, sie tunakwenda. Karibuni na kwetu. Karibuni Mbagala."

Nilimuuliza nani alimwitikia pale mlangoni. Akasema ni Margareta, mwenzake wa ofisini, mama mmoja wa Masasi, aliyekuwa nyuma yake kwenye ngazi. Sikubisha. Ila Margareta namjua, amekula hapa Idi mara nyingi, na sauti yake ni nzito kama ya mnadi samaki. Ile iliyosema karibu ilikuwa nyembamba na kavu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala sana.

Jumamosi mchana, saa ile jua likiwa utosini na mtaa mzima umejilaza, nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia hodi barazani. Mama mkwe akaitikia karibu kabla hajafungua macho, kama tunavyoitikia sote. Nani kwetu anayeuliza kwanza? Unaitikia, ndipo unatoka kuangalia ni nani.

Nilitoka nikifuta mikono. Hakukuwa na mtu. Mama mkwe alikuwa amejisogeza pembeni ya mkeka, ameacha nafasi, na anaangalia nafasi hiyo kwa yale macho yake yenye ukungu. Aliniambia nimletee mgeni maji. Nikamwambia mama, hakuna mtu hapa. Akasema basi labda amepita uani kujisitiri.

Pale kwenye nafasi aliyoiacha, mkeka ulikuwa na vumbi. Mchanga wetu huku ni wa kijivu, kila mama wa Charambe anaujua kwa kuufagia. Hili lilikuwa la rangi ya unga wa dona, laini, na lilikaa kwenye mkeka kwa umbo la mtu aliyekunja miguu.

Nikalifagia. Sikuwa na muda wa mambo hayo.

Kuanzia hapo chakula kikaharibika. Sisemi kwamba kilichacha. Mama mkwe ana desturi yake, sahani moja huwekwa pembeni kwa ajili ya atakayetokea. Miaka yote sahani hiyo tunaila jioni, hakuna anayetupa chakula Mbagala. Sasa nikiifunua, wali uko vilevile, mchuzi uko vilevile, lakini ukitia mdomoni hauna kitu. Hauna chumvi, hauna nazi, hauna hata ladha ya maji. Mara ya kwanza nilijilaumu, nikadhani nimesahau chumvi. Lakini sahani zetu tulizokula zilikuwa na chumvi, na zote zilitoka kwenye sufuria moja.

Na vitu vikaanza kupotea, vidogo vidogo, vyote vya Nusaiba. Kikombe chake cha plastiki cha rangi ya chungwa. Kijiko chake. Kijamvi anacholalia mchana. Kubazi la kulia, lile lililokatika mkanda. Nilimchapa kwa ajili ya kikombe. Hakulia. Alisema hakukipoteza, alimwazima mgeni wa shangazi.

Nilimuuliza mgeni gani. Akasema yule anayekaa na bibi mchana.

Hapo nikaanza kumwangalia wifi yangu kwa jicho jingine. Nisitafutiwe maneno, Rukaiya nimeishi naye vizuri. Lakini mimi ni mtu wa Mbagala, nimeona watu wanaokwenda safari na kurudi na vitu. Mtu anarudi na mambo yake yananyooka ghafla, na baada ya muda kwenye nyumba hiyo mtoto wa mtu mwingine anaanza kukonda. Rukaiya aliporudi tu alipandishwa cheo ofisini. Hana mtoto. Na Nusaiba alianza kupungua. Aliacha kukimbia. Alikuwa anajilaza mchana chali, amenyooka, miguu imebanwa pamoja, kama amepimwa.

Siku moja Rukaiya akiwa kazini niliingia chumbani kwake, nikafungua begi lake la safari. Nilikung'uta kila nguo. Nilipasua mshono wa mfuko wa ndani kisha nikaushona tena. Nilitafuta kinyago, kijiwe, mfupa, ushanga, chochote ambacho mtu angekiokota kule. Hakukuwa na kitu. Begi lilikuwa safi. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Nilipotoka nikamkuta Nusaiba amekaa kwenye ngazi ya baraza. Amepakwa wanja. Siyo ule wa watoto, wa kujaza kope. Mstari mweusi, mnyoofu, umetoka kwenye kona ya jicho ukaenda mpaka karibu na sikio. Macho yote mawili sawasawa, bila mkono kutetemeka. Mimi nimepamba maharusi, na siwezi kuchora mstari kama ule.

Nilimuuliza nani kampaka. Nilimuuliza taratibu sana.

"Mgeni," akasema. "Kasema shule zikifunga ataondoka na mie, nikatembee kwao."

Mwenye kutoka kwetu anaelewa kwa nini nilimnyanyua mtoto nikaingia naye ndani. Kwetu mgeni hurudi na mtoto. Shangazi akija kutoka Rufiji, mjomba akija kutoka Kisiju, siku ya kuondoka atasema huyu naondoka naye akanichangamshie nyumba, na mtoto anafungashiwa nguo. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, kwa watu wawili watatu. Haihesabiwi kuwa ni kuibwa. Ni heshima.

Jioni hiyo nilimfuata Rukaiya chumbani kwake, nikafunga mlango. Nilimwambia kila kitu, hata la begi. Nilitegemea akasirike, kwani mwenye hatia hukasirika. Yeye alikaa kitandani. Aliniambia tangu arudi hajalala vizuri, kuna mtu anayepita uani usiku akiburuza kidole ukutani, kama anayekagua plasta. Alidhani ni mimi. Alidhani ninamfanyia mambo kwa sababu ya kile cheo.

Basi tukatazamana, mawifi wawili, kila mmoja amekuwa akimshuku mwenzake.

Tukampigia Margareta, tukaweka sauti ya nje. Rukaiya akajifanya anakumbushia safari. Akamuuliza lile kaburi dogo, uliponiitikia hodi, ulikuwa umesimama wapi?

"Kuitikia wapi?" Margareta akasema. "Mie goti lilinigomea. Nilikaa juu kwenye benchi na kiongozi, tunakusubiri. Ulishuka peke yako, Rukaiya."

Tulirudia ile video. Hodi. Karibu. Tukaisogeza mpaka mwisho, pale anapoaga, tukaweka simu katikati ya masikio yetu. Karibuni na kwetu. Karibuni Mbagala. Baada ya hapo kuna kimya cha mtu anayepanda ngazi. Halafu chini kabisa, mbali, ile sauti kavu.

"Haya. Tutakuja."

Maalimu wa mtaani alikuja, akasoma, akanyunyizia maji kwenye kona zote. Hakuchukua muda. Alipofika pale kwenye mkeka wa mama mkwe alisimama, akasita, kisha akapita pembeni kama anayempisha mtu. Alipokuwa akivaa viatu alituambia kwamba aliyejileta mwenyewe hufukuzwa, lakini huyu amealikwa, na tena ameitikiwa karibu na mwenye nyumba. Hakutaka hata chai.

Ndipo mama mkwe akatoa lake. Alisema mgeni uliyemwita humfukuzi, ukimfukuza utaondokewa na zaidi ya ulichotaka kukilinda. Lakini kuna njia ambayo wazee waliiweka kwa ajili ya wageni wasiojua kuondoka, na kila mtu anaijua. Siku ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenye akili akiona jembe hufunga mzigo wake. Unamtia haya, humtii hasira.

Lilikuwa wazo zuri. Mimi ndiye niliyelitekeleza, na nililiona zuri kabisa. Jumapili mchana, jua likiwa utosini, nililileta jembe letu, nikalilaza kwenye mkeka mbele ya ile nafasi. Nilisema kwa adabu kwamba mgeni wetu amekula, amepumzika, sasa nyumba ina kazi nyingi, na kule nyuma kuna ardhi haijaguswa. Kisha nikamfunga Nusaiba kilemba kichwani kwa ajili ya jua, Rukaiya akamshika mama mkwe mkono, tukafunga nyumba tukaenda Buguruni kwa dada yangu, ili mgeni apate faragha ya kuondoka.

Njiani kurudi ndipo Rukaiya aliponishika mkono kwa nguvu. Aliongea chini, Nusaiba asisikie.

"Wifi. Yule alikuwa mchimba makaburi."

Nyumba ilikuwa kimya. Jembe halikuwa kwenye mkeka. Nikamwacha Nusaiba na bibi yake barazani, nikazunguka nyuma na Rukaiya.

Lazima nieleze habari ya mchanga wetu. Charambe huchimbi shimo likasimama. Mafundi wa vyoo wanashusha matofali huku wanachimba, wakichelewa kidogo kuta zinawafukia. Tumewahi kuzika mtu kwa sababu hiyo. Lakini nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na shimo la mstatili, kona zake zimekatwa kama kwa kisu. Lilikuwa na ngazi. Kuta zilikuwa laini kama zimepigwa plasta. Nilizigusa, zilikuwa baridi na kavu, na hakuna hata punje iliyodondoka. Chini kabisa kulikuwa na mlango mfupi, na nyuma ya mlango chumba.

Mchanga uliotoka humo haukuwepo. Uwanja mzima ulikuwa umefagiwa.

Nilishuka. Rukaiya alinizuia, nikashuka. Mlangoni niliinama, na nilijiuma ulimi mpaka damu, ili nisiseme hodi.

Kilikuwa chumba kidogo. Mimi nisingeweza kujinyoosha humo. Kijamvi cha Nusaiba kilikuwa kimetandikwa. Pembeni kikombe cha rangi ya chungwa, kimejazwa maji. Kijiko. Kubazi moja, limewekwa pale ambapo miguu ingefika. Upande wa kichwa kulikuwa na kitu cha mti, kimechongwa kwa juu kama mwezi mchanga, cha kuegemeza shingo. Kilitoka kwenye kigogo cha mwarobaini tulichokuwa tukikikalia jikoni. Nilikipima kwa kiganja. Shingo yangu isingeenea pale. Jembe lilikuwa limeegeshwa ukutani, limeoshwa.

Sikugusa kitu. Nilipanda.

Mama mkwe alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama kazi imekwisha. Nikasema imekwisha. Akasema basi ataaga leo, na akiaga atamwomba mtoto, na aliyefanya kazi nzuri hivyo hanyimwi hivi hivi. Sema wewe, akaniambia. Wewe ndiye mama. Jua lilikuwa linashuka. Nusaiba alikuwa tayari amejilaza kwenye mkeka, chali, miguu imebanwa.

Nilichuchumaa mbele ya ile nafasi. Vumbi lilikuwa limerudi. Nilijiona mjinga na nilijiona ninakufa, vyote kwa pamoja.

"Mgeni, kazi tumeiona. Ahsante. Lakini mtoto huyu ana baba yake, na baba yake yuko safarini. Kwetu mtoto hatoki bila ruhusa ya baba. Mie ni mwanamke tu, sina kauli."

Mara ya kwanza maishani nilifurahi kusema hivyo. Mama mkwe akanyoosha mkono nimwinue, akasema tumsindikize. Mgeni asiyesindikizwa hurudi. Nikambeba Nusaiba mgongoni, mtoto mkubwa yule, tukatoka sote mpaka kona ya barabara, tunatembea taratibu kama watu wenye mgeni. Mama mkwe alitunong'oneza tusithubutu kusema karibu tena. Unajua ugumu wa kusema kwaheri bila kumalizia karibu tena? Tulisema kwaheri. Tukafunga midomo.

Tuliporudi mama mkwe aliuliza tumemwacha wapi aliyekuwa amemshika mkono wa kushoto. Rukaiya alikuwa amemshika wa kulia. Mimi mikono yangu ilikuwa nyuma, imembeba mtoto.

"Mkono mkavu," mama mkwe akasema, na akaufuta wake kwenye khanga.

Kesho yake sahani iliyowekwa pembeni ilikuwa na chumvi. Nusaiba aliamka akaniomba uji, akagombana na mtoto wa jirani kabla sijamaliza kuupika. Nilikaa jikoni nikalia kidogo, kisha nikaosha vyombo. Niliita mafundi wa vyoo waje wafukie lile shimo. Walisimama ukingoni, wakaulizana ni fundi gani huyo na anapatikana wapi. Walimwaga kifusi mpaka juu, wakapiga zege. Vitu vya Nusaiba tuliviacha humo humo. Mama mkwe alisema alichopewa mgeni hakirudishwi.

Khalfani alirudi wiki iliyofuata. Yeye ni dereva wa lori, anapakia Kurasini anapeleka Tunduma. Nilipanga kumweleza akishashiba, maana mume wangu hapendi mambo haya. Alikuwa anakula, ametulia, Nusaiba amemwegemea. Akasema nimekumbuka, nilikutana na ndugu yenu mmoja.

Nilimuuliza ndugu yupi.

Akasema mzee mmoja mwembamba, safi sana, kajifunga nguo nyeupe, makubazi meupe. Alikuwa kasimama kando ya lori pale Makambako. Alimsalimia kwa heshima, akamtaja mama kwa jina, akamtaja Rukaiya, akasema ametoka kwetu, amekaa vizuri, amekirimiwa. Amepaka wanja, Khalfani akaongeza huku anacheka, wazee wa pwani bwana. Alidhani ni mtu wa ukoo wangu wa Kisiju.

Nilimuuliza ilikuwa lini. Jumapili, akasema. Magharibi inaingia.

Kutoka kona yetu mpaka Makambako lori linakwenda siku nzima na zaidi.

"Aliniomba ruhusa," akasema. "Shule zikifunga Nusaiba akatembee kwao. Anasema chumba cha mtoto kimeshakuwa tayari. Nikamwambia hewala."

Rukaiya alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Aliliweka chini. Mama mkwe alianza kusoma dua kwa sauti ya chini na hakunyamaza mpaka isha.

Khalfani ameelezwa yote, na kwa mara ya kwanza hakunibishia. Alikwenda nyuma akaliangalia lile zege. Sasa kila safari anasimama Makambako, anakaa kando ya lori na chai, anasubiri yule mzee atokee ili aitengue kauli yake. Hajatokea. Nyumbani kwetu hatuitikii tena karibu. Mtu akipiga hodi tunatoka kwanza tukamwone uso. Majirani wanasema familia ya Khalfani wamekuwa na majivuno tangu wifi yao apande ndege. Waseme.

Shule zinafunga Ijumaa hii. Nusaiba nalala naye, na mchana namfunga kwa khanga kiunoni kwangu nikiwa na kazi. Analalamika kwamba yeye si mtoto mchanga. Ni kweli, amekua. Mwezi huu nilimnunulia viatu vipya Buguruni, vya zamani vilikuwa vinambana vidole.

Leo asubuhi nilikwenda nyuma kuanika nguo. Juu ya zege kulikuwa na kubazi. Lile la kulia, lililoko chini ya kifusi. Ni safi. Mkanda umeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo, imelingana yote. Rukaiya hajui kushona hata kifungo. Na kisiginoni limeongezwa kipande kipya cha ngozi, upana wa kidole.

Nililipima na kiatu chake kipya. Vinalingana.

La kushoto sikulitupa, mimi situpi kitu. Lilikuwa hapo mlangoni miezi yote hii. Nimelitafuta tangu asubuhi.